Kisima Kilichokuwa Upande wa Pili wa Mgongo

Kisima chenyewe hakikuwa na lolote la kumsimamisha mpita njia. Kilikuwa bomba la plastiki lenye kimo cha goti, limefunikwa kwa kasha la chuma lenye kufuli na kuzungushiwa zege, na juu ya kasha hilo mtu alikuwa ameandika kwa rangi nyeupe namba ambayo jua la Kanda ya Ziwa lilikuwa limekwisha kuifuta nusu. Nilikifahamu kwa muda wa miezi sita kabla ya kukiona kwa macho, kwa kuwa nilikifahamu kama mstari katika faili la Excel: jina lake, tarehe ya kuchotwa maji, na mfululizo mrefu wa vipimo. Katika safu ya maelezo yalikuwapo maneno mawili tu, "kisima rejea".

Kwa asiyefanya kazi hizi, nieleze maana yake, kwa sababu makala yote haya yananing'inia kwenye maneno hayo mawili. Mgodi wa dhahabu wa kisasa huzungukwa na visima vya uchunguzi ambavyo hakuna anayekunywa maji yake. Vingi huchimbwa chini ya mteremko kutoka bwawa la topesumu, yaani tope linalobaki baada ya dhahabu kutolewa kwenye mwamba, na kutoka milima ya mawe taka, yale ambayo watu wa Geita huyaita magwangala, ili kama kuna kitu kinachovuja kionekane hapo kabla hakijafika kwenye kijito cha wananchi. Vichache huchimbwa mahali ambapo maji ya mgodi hayawezi kufika kabisa, juu ya mteremko au katika bonde jingine, na kazi yake ni kutuonyesha maji ya eneo lile yalivyo kwa asili. Hivi ndivyo visima rejea. Kila kipimo cha kisima cha chini hulinganishwa na kisima rejea, na tofauti kati yao ndiyo inayosema kama kiwanda kimeyagusa maji au hakijayagusa.

Nilipoajiriwa katika ofisi ya mazingira ya mgodi mmoja wa kanda hiyo, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukusanya takwimu za miaka yote zilizotawanyika na kuziingiza katika mfumo wa taarifa za kijiografia, ambao sisi kazini tunauita GIS kwa kifupi. Niliambiwa kwamba ingekuwa kazi ya wiki chache. Ilinichukua karibu mwaka mzima, na sehemu kubwa ya mwaka huo haikuhusu ramani hata kidogo.

Ofisi ya mazingira ya kiwanda kikubwa hukusanya vitu vingi kuliko watu wa nje wanavyodhani. Kuna kina cha maji katika visima, na kemia ya maji hayo. Kuna maji ya mito na mabwawa, vumbi linaloangukia makopo yaliyowekwa juu ya nguzo karibu na nyumba za wanakijiji, kelele za usiku, mtikisiko wa ardhi wakati wa kulipua baruti, mvua ya kila siku, mwelekeo wa upepo, dizeli iliyomwagika karakana, idadi ya miche iliyopandwa juu ya kifusi na mingapi imeshika. Kila kimoja kati ya hivi kilikuwa na faili lake, na kila faili lilikuwa na mwenyewe. Mtu wa vumbi hakujua kinachoendelea kwa mtu wa maji, ingawa vumbi lile lile lililoanguka kiangazi lilisombwa na mvua ya kwanza hadi kwenye kijito ambacho mtu wa maji alikipima wiki iliyofuata, akashangaa kwa nini maji yamechafuka.

Jambo la kwanza lililonikwamisha ni majina. Kisima kimoja kiliandikwa kwa namna nne au tano katika miaka tofauti: kwa herufi kubwa, kwa herufi ndogo, kikiwa na sifuri mbele ya namba au bila sifuri, kikiwa na kistari au nafasi tupu. Mwanadamu anayesoma anaelewa kwamba ni kisima kile kile, lakini kompyuta inahesabu visima vitano, na kila kimoja kinaonekana kuwa na miaka miwili ya vipimo badala ya kumi. Mwelekeo wa polepole, ule unaohitaji miaka kumi ili uonekane, hufa hapo. Baya zaidi, kisima kimoja kilikuwa kimevunjwa na gari kubwa la mawe, kikachimbwa kingine umbali wa hatua arobaini, kikapewa jina la marehemu. Katika jedwali mambo yaliendelea kama kawaida, ila maji yaliyokuwa yakipimwa yalitoka katika mwamba mwingine.

La pili lilikuwa alama ndogo ambayo mtu anaweza kuipuuza kwa urahisi. Maabara ikipima sumu kama sayanaidi, ile inayotumika kutenganisha dhahabu, au aseniki, na kukuta kiasi kilicho chini ya uwezo wa mashine yake, haiandiki sifuri. Huandika alama ya "chini ya" ikifuatiwa na kiwango ambacho mashine inaweza kukitambua. Alama hiyo ni ya uaminifu. Inasema: huenda kipo, huenda hakipo, lakini kikiwapo hakizidi hapa. Katika mafaili yetu baadhi ya watu walikuwa wameifuta wakabakiza namba, wengine wameweka sifuri, wengine wameacha nafasi tupu kana kwamba sampuli haikuchukuliwa. Matokeo matatu tofauti kutokana na karatasi moja ya maabara. Nilirudi kwenye vyeti halisi vya maabara, vile vya karatasi vilivyokuwa vikihifadhiwa kontenani, nikavisoma kimoja kimoja, na sijutii saa hata moja niliyoitumia humo.

Nasema haya kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanaponiuliza kuhusu GIS hutarajia niwaonyeshe rangi. Rangi huja mwisho. Kiini cha mfumo ni jedwali la mahali, ambamo kila sehemu ya kupimia ina jina moja lisilobadilika, koodineti zake, yaani namba zinazoonyesha ilipo, mwinuko wake, kina chake, tarehe iliyoanza na tarehe iliyokufa. Halafu jedwali la sampuli linalosema nani alichota, lini, na kwa njia gani. Halafu jedwali la matokeo. Matatu hayo yakifungwa pamoja ipasavyo, haiwezekani tena kuwa na kipimo kisicho na mahali. Kipimo kisicho na mahali hakitofautiani na uvumi.

Hapo ndipo niliporudi kwenye kisima chetu. Salfeti ndani yake ilikuwa ikipanda. Haikuruka ghafla, bali ilipanda kidogo kidogo, masika hadi masika, kwa namna ambayo ripoti ya mwaka mmoja isingeiona, lakini majina yalipounganishwa na miaka yote ikapangwa kwenye mchoro mmoja, ilionekana wazi kama mtu anayepanda ngazi. Salfeti si sumu ya kutisha kwa kiwango kile. Inatushughulisha kwa sababu ni mjumbe. Mwamba wa dhahabu wa ukanda ule mara nyingi huwa na pairiti, madini ya chuma na salfa, ile inayong'aa na kuwadanganya wachimbaji wageni, na pairiti ikitolewa chini ya ardhi ikakutana na hewa na maji hutoa tindikali na salfeti. Kama kuna madini ya chokaa karibu, tindikali hutulizwa na maji hubaki yakionekana mazuri, lakini salfeti haizuiliki kirahisi. Husafiri pamoja na maji na hufika kabla ya metali. Anayeiona salfeti ikipanda ana muda wa kufanya jambo. Anayesubiri kuiona aseniki hana.

Ripoti za nyuma zilikuwa na maelezo yake: kisima rejea kinaonyesha ongezeko la salfeti, kwa hiyo ongezeko hilo ni la asili ya miamba. Maelezo hayo yalikuwa na mantiki, kwa kuwa ni kweli kwamba miamba ile ina salfaidi, yaani madini ya salfa kama pairiti, kwa asili yake, na ni kweli kwamba kuna maeneo ya Kanda ya Ziwa ambako aseniki hupatikana katika maji ambayo hayajaguswa na mgodi wowote. Lakini tazama linalofuata. Kisima rejea kikipanda, kipimo cha kulinganishia nacho kinapanda. Visima vya chini, ambavyo navyo vilikuwa vikipanda, vilionekana salama mwaka hadi mwaka, kwa sababu vilikuwa vikilinganishwa na kisima kilichokuwa kikipanda pamoja navyo.

Katika ramani ya mgodi kisima kile kilikaa vizuri upande wa kaskazini wa mgongo mwembamba wa ardhi, katika bonde jirani lisilopokea tone la maji kutoka kwetu. Bwawa lilikuwa kusini mwa mgongo. Sikuwa na sababu ya kuishuku ramani hadi siku niliyoamua kuingiza koodineti za zamani juu ya picha mpya iliyopigwa na ndege nyuki, nikaona kwamba visima vyote vya kizazi cha kwanza vilikuwa vimesogea. Kimoja kilionekana katikati ya barabara ya magari makubwa. Kingine kilikuwa juu ya paa la stoo. Vyote vilikuwa vimesogezwa kwa kiasi kile kile na kuelekea upande ule ule, karibu mita mia tatu kaskazini na chini kidogo ya mita mia moja magharibi.

Mpima ardhi yeyote wa Afrika Mashariki akisoma sentensi hiyo ataanza kutikisa kichwa. Ramani za zamani za Tanzania, Kenya na Uganda, zikiwamo zile karatasi za kipimo cha 1:50,000 ambazo watafiti wa madini walizibeba porini katika miaka ya 1990, zimejengwa juu ya mfumo wa marejeo unaoitwa Arc 1960, ambao umbo la dunia ndani yake ni lile lililokokotolewa na mpimaji Mwingereza, Clarke, mwaka 1880. Vifaa vya GPS vinatumia mfumo mwingine, WGS84. Mifumo yote miwili hutoa koodineti zinazofanana kwa sura, tarakimu sita za mashariki na saba za kaskazini katika kanda ya 36 kusini, na hakuna kitu katika namba zenyewe kinachokwambia zimetoka wapi. Ukichukua namba za Arc 1960 ukaziweka kwenye ramani ya WGS84 bila kuzigeuza, kila kitu kitaonekana kaskazini mwa mahali pake halisi kwa takriban mita 300. Katika nchi tambarare kosa hilo laweza kukaa miaka bila kudhuru mtu. Palipo na mgongo mwembamba wa ardhi, mita 300 zinahamisha kisima kutoka bonde moja hadi jingine.

Nilikwenda. Nilifuatana na fundi wa kuchota sampuli, mzee aliyekuwa na mgodi tangu siku za kuchoronga miamba, na nikamwonyesha kwenye kishikwambi mahali ambapo ramani ilidai kisima kipo. Alikitazama kioo, akanitazama mimi.

"Huko hakuna kisima, kijana wangu," akasema. "Kisima kiko huku, upande wa bwawa. Mimi ndiye ninayekichota kila mwezi."

"Mzee, mbona hukuwahi kusema?"

"Niliulizwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Kwa miaka yote hiyo mtu aliyejua mahali kisima kilipo alikuwa akijaza chupa, akiweka barafu, akisaini fomu ya kukabidhi sampuli na kuipeleka ofisini, na ofisini walikuwapo watu waliojua maana ya kisima rejea lakini hawakuwahi kufika. Ujuzi wa aina mbili ulikuwa umekaa katika vichwa viwili vilivyotenganishwa na kilomita nne za barabara ya vumbi. Tulisimama karibu na lile kasha la chuma, ukuta wa bwawa ukionekana waziwazi juu yetu upande wa magharibi, na nikahisi uzito wa zile ripoti zote zilizosema "asili ya miamba".

Tulipokuwa tukirudi tulipita kwa mama mmoja aliyekuwa akilima viazi chini kidogo ya mpaka wa mgodi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akauliza tunatafuta nini. Nilipomweleza kwamba tunafuatilia maji yanakotoka na yanakokwenda, alicheka kidogo kwa ukarimu, akanyoosha jembe. "Mwanangu, maji ya hapa yote yanakuja kwenye mbuga. Hakuna maji yanayopanda kule. Kule juu ni luseni, maji yanazama. Hapa kwenye itogolo yanatokeza. Chini kule ndiyo mbuga yenyewe." Katika sentensi chache alikuwa amenichorea mwendo wa maji wa eneo zima.

Maneno yake yana historia ambayo ningependa ijulikane zaidi. Wasukuma wana majina ya udongo yanayofuata mteremko, kutoka mchanga wa luseni chini ya vilima, kupitia ardhi ngumu ya itogolo, hadi udongo mweusi wa mbuga bondeni, na kila jina limebeba habari ya maji: yanapozama, yanapotuama, yanapotoka tena. Mwaka 1935 mtaalamu wa udongo aliyeitwa Geoffrey Milne, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alipendekeza kwa wanasayansi wa dunia wazo kwamba udongo hautawanyiki ovyo bali hupangika kama mnyororo kutoka kilele hadi bondeni, kila pingili ikitegemea iliyo juu yake. Aliliita katena, kwa neno la Kilatini lenye maana ya mnyororo, na hadi leo wanafunzi wa sayansi ya udongo ulimwenguni hulisoma. Wazo hilo lilizaliwa katika ardhi ya Afrika Mashariki, mahali ambapo wakulima walikuwa tayari wanaishi ndani yake. Ninapochora matabaka ya mwinuko, udongo na maji katika programu, huwa naona kwamba ninafanya kwa mashine kazi ambayo mama yule aliifanya kwa jembe.

Tulipozigeuza koodineti zote, picha ilibadilika kwa siku moja. Kisima rejea kikawa kisima cha chini. Tukachora mistari ya usawa wa maji chini ya ardhi, kwa kutumia kina kilichopimwa katika visima vyote na mwinuko mpya wa midomo yake, na mistari hiyo ikaonyesha maji yakitoka pembeni mwa bwawa kuelekea mashariki, kando ya mgongo, moja kwa moja hadi kwenye kasha letu la chuma. Sayanaidi haikuonekana humo, na hilo lilitupa nafuu ya kweli. Lakini salfeti ilikuwa na njia, na njia ilikuwa na mwelekeo, na mbele ya mwelekeo huo kulikuwa na mashamba ya viazi. Visima vya kuvutia maji na kuyarudisha bwawani vilichimbwa, na kisima rejea kipya kikachimbwa ng'ambo ya mgongo, safari hii baada ya watu watatu kusimama mahali pale kwa miguu yao wakiwa na GPS mkononi.

Nisingependa msomaji aondoke akidhani kwamba ramani ikishawekwa sawa inasema kweli daima. Kuna uongo mwingine ambao nimeutenda mwenyewe. Programu zote za GIS zina uwezo wa kuchukua vipimo vya visima ishirini na kutandaza rangi juu ya eneo zima, kijani ikiyeyuka taratibu kuwa njano na njano kuwa nyekundu, kana kwamba mtu amepima kila hatua ya ardhi. Mameneja huzipenda ramani hizo, nami nilizichora kwa furaha katika mwaka wangu wa pili. Kisha mwanajiolojia mmoja akaniuliza kwa upole kama nilikuwa nimezingatia kuta za doleriti, mwamba mgumu uliopenya ndani ya miamba mingine, zinazokata eneo letu. Sikuwa nimezizingatia. Maji chini ya ardhi katika miamba ile ya kale hayatembei kama maji katika mchanga wa pwani. Hufuata nyufa, husimamishwa na ukuta wa mwamba, na visima viwili vilivyo jirani vyaweza kuwa na maji yasiyojuana kabisa. Rangi zangu zilikuwa zimepita juu ya kuta hizo kama hazipo. Mahali ambapo hatukuwa na kisima hata kimoja palikuwa pamepakwa kijani, na mtu yeyote mwenye akili timamu angeisoma kijani hiyo kama "salama".

Tangu hapo nimeshika desturi ya kuonyesha nukta pekee, zenye ukubwa na rangi kulingana na kipimo, na kuacha nafasi kati yake zikiwa nyeupe. Ramani yangu ni mbaya kwa macho kuliko ile ya zamani. Wageni hutazama sehemu nyeupe na kuuliza pana nini hapo, na hilo ndilo swali ninalotaka waulize.

Kuna matumizi mengine ambayo nitayapitia haraka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufuko wa ziwa, na kuchora ukanda wa mita 60 kando ya kila kijito ni kazi ya dakika moja, mradi vijito vyenyewe vimechorwa kwa usahihi. Setilaiti za Sentinel-2 hupita juu yetu kila baada ya siku tano hivi na picha zake, ambazo kila doa lake ni mita 10, hupatikana bure. Nazitumia kufuatilia miti tuliyopanda na kutazama kama kuna mahali majani yanakauka bila sababu. Programu ya QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, nayo ni ya bure, na hilo ni jambo kubwa kuliko linavyosikika, maana yake ofisi ya halmashauri ya wilaya inaweza kufungua faili lile lile ninalolifungua mimi bila kulipia leseni.

Nikae kidogo juu ya mabwawa, kwa sababu hapo mahali ni suala la uhai na kifo. Tarehe 25 Januari 2019 bwawa la topesumu la mgodi wa chuma lilibomoka huko Brumadinho, Brazil, na watu 270 wakafa. Wengi wao walikuwa wafanyakazi wa mgodi wenyewe, kwa sababu ofisi na kantini vilijengwa chini ya bwawa, kwenye njia ambayo tope lingepita, na lilipita saa ya chakula cha mchana. Baadaye baadhi ya watafiti walirudi kwenye kumbukumbu za rada za setilaiti wakaonyesha dalili za ukuta kusogea kabla ya siku ile. Kwetu, tarehe 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui, wilayani Kishapu, ulipasuka na tope likafunika mashamba na kuingia kwenye makazi. Hakuna aliyekufa, lakini zipo familia zilizopoteza nyumba, mazao na maji.

Nikiyafikiria matukio hayo sifikirii kwanza uhandisi wa kuta, ambao si taaluma yangu. Nafikiria tabaka moja la ramani: nani yuko chini. Mwinuko wa ardhi unajulikana; chombo cha anga cha Endeavour kiliupima kwa sehemu kubwa ya dunia kwa siku 11 za Februari 2000, na leo ndege nyuki huupima kwa sentimita. Ujazo wa bwawa unajulikana. Kutoka hapo inawezekana kukadiria tope litapita wapi na litafika baada ya dakika ngapi, na juu ya eneo hilo kuweka nyumba, shule, zahanati, na kantini yetu wenyewe. Tulipolichora tabaka hilo kwa mara ya kwanza, tulikuta uwanja wa kukusanyikia wakati wa dharura ukiwa ndani ya njia ya tope. Ulihamishwa wiki ile ile.

Lakini ramani hiyo ilikaa miezi katika kompyuta zetu kabla ya mtu wa kijijini kuiona, na hili ndilo linaloniuma kuliko koodineti na kuliko rangi. Sababu zilizotolewa zilikuwa kwamba wananchi wataogopa, kwamba hawataelewa, kwamba wanasheria lazima waipitie kwanza. Nimefanya kazi na wanakijiji muda wa kutosha kusema kwamba mtu anayeishi chini ya bwawa anaogopa tayari, na kwamba anayejua kutaja udongo wa mteremko wake kwa majina hashindwi kuelewa ramani ya mteremko huo. Takwimu zinazohusu maji ya mtu ni zake kabla hazijawa zetu. Tena mgodi una mwisho. Buzwagi, kule Kahama, ulianza mwaka 2009 na uzalishaji wake ukasimama mwaka 2021. Miaka kumi na miwili ni umri wa mtoto wa shule ya msingi. Pairiti iliyofukuliwa itaendelea kutoa salfeti wakati sisi wote wenye mashati ya kampuni tumekwisha kuondoka, na anayebaki na maji ni yule mama wa viazi. Kama kumbukumbu za visima zitaondoka na kompyuta ya mgodi, atakayekuja baada yetu ataanza bila kisima rejea chochote.

Ilichukua mabishano mengi, na sifa za kuyashinda si zangu peke yangu. Masika iliyofuata tulichapisha ramani kubwa kwenye turubai, ile ya kutengenezea mabango, tukaitandika chini ya mwembe mbele ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti wa kitongoji alivua viatu ili asiikanyage na udongo. Niliwaonyesha nukta, nikaeleza maana ya kila rangi, nikawaambia pia habari ya kisima kilichokuwa upande usio wake na muda tuliokaa bila kujua. Kulikuwa na hasira, na walikuwa na haki nayo. Mzee wa sampuli alisimama akaeleza kwa Kisukuma jinsi anavyochota maji, jinsi anavyopampu kwanza hadi maji yaliyotuama bombani yaishe ndipo ajaze chupa, na watu walimsikiliza yeye kuliko walivyonisikiliza mimi.

Kisha wakaanza kuinama juu ya turubai. Kijana mmoja alisema kijito tulichokichora kimekosewa, kwamba kilihama baada ya mvua kubwa. Mtu mwingine akaonyesha chemchemi ambayo hatukuwahi kuisikia, inayotoka kiangazi tu, ambako wachungaji hunywesha ng'ombe. Nikagawa kalamu za wino mzito. Mpaka jioni kulikuwa na alama mpya kumi na tisa, visima vya kienyeji, chemchemi na malambo, na kila moja ikiwa na jina lililoandikwa na mkono wa mtu anayelitumia. Yule mama aliweka yake ya mwisho, chini kabisa, mpakani mwa itogolo na mbuga, akauliza tutakuja lini kuyapima maji yake. Nilimwambia Jumatatu, naye akanitajia njia ya kupita ili gari lisizame.